Zafarani ya Kupima

Leo tuongee kuhusu kitu chenye wengi wetu mtaani tunakijua kwa jina tu: zafarani. Juzi niliposti video nikipika wali wa zafarani kwa jiko ya makaa, hapa hapa Kibera, na maoni yakaja ya aina mbili. Kuna wale waliuliza inapatikana wapi. Halafu kuna wale, na ndio walikuwa wengi, waliniambia niache kujifanya. Mmoja akaandika: "Hiyo pesa si ungenunua unga?" Akapewa mioyo mingi kuliko video yenyewe.

Nataka nimjibu polepole, juu si swali la upuzi. Unga ni kwanza. Mtu akiniambia ako na soo saba ya mwisho, siwezi kumtuma Eastleigh akanunue zafarani. Lakini hilo swali limebeba kitu kingine ndani yake, na hicho kitu kingine ndicho kinanisumbua. Linasema kuna ladha za watu fulani, na sisi si wao.

Tuanze na bei, kwa sababu kila mtu anaanza hapo. Boksi langu la gramu moja lilinigharimu shilingi 700. Gramu moja, wasee. Ukiimwaga kwa kiganja, unaogopa kupiga chafya. Kwa mtu wa mkono pale mjengo, hiyo ni siku nzima ya kubeba mawe. Kwa hivyo ndio, nikisikia mtu akisema zafarani ni ghali, simbishii.

Lakini ujue kwanza kwa nini ni ghali. Zafarani ni sehemu ndogo sana ya ua la zambarau. Ndani ya kila ua kuna nyuzi 3 nyekundu, basi. Hizo ndizo zafarani. Ua linachanua kwa wiki chache tu kwa mwaka, kama Oktoba na Novemba, na lazima lichumwe asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Halafu mtu anakaa chini, anafungua ua moja moja, anatoa zile nyuzi 3 kwa vidole. Hakuna mashine inafanya hiyo kazi vizuri kama vidole. Kupata kilo moja iliyokauka unahitaji maua kama 150,000. Nyingi inatoka Iran, upande wa Khorasan, na nyingine Kashmir, na wengi wa wanaokaa chini kutoa hizo nyuzi ni wanawake. Kitu kingine kilinishangaza: hilo ua halitoi mbegu. Haliwezi kujizalisha lenyewe. Kila mmea wa zafarani uliopo duniani uko kwa sababu mtu fulani alichimba tunguu, akaligawanya, akalipanda tena. Imekuwa hivyo maelfu ya miaka. Kwa hivyo unapolipa, unalipa mikono ya watu. Na kama kuna mtaa unajua mikono ya watu inalipwaje, ni huu wetu.

Sasa toa kalamu tupige hesabu. Maua 150,000 mara nyuzi 3 ni nyuzi 450,000 kwa kilo. Gawa kwa gramu 1,000. Unapata kama nyuzi 450 kwa gramu moja. Nimelipa 700, kwa hivyo uzi mmoja ni kama bob moja na nusu. Sufuria ya wali wa watu wanne inataka nyuzi 20. Hiyo ni shilingi 31. Gawa kwa sahani nne: shilingi nane kwa kila mtu.

Shilingi nane! Shilingi 31 kwa sufuria nzima ni chini ya bei ya soda. Na sijawahi kuona mtu ameenda chini ya picha ya msee na soda akamwambia hiyo pesa angenunua unga.

Shida ya zafarani, kwa hivyo, si bei ya kuila. Shida ni bei ya kuingia mlangoni. Lazima uwe na hiyo 700 mara moja, mkononi, siku moja. Na hapo ndipo Kibera inapaswa kucheka, kwa sababu sisi ndio walimu wa hiyo shida. Mafuta ya kupika tunanunua ya kupima. Unga ya kupima. Sukari ya kumi. Majani ya chai ya tano. Maziwa tunapimiwa kwa kikombe. Hata marashi siku hizi unaenda tao na chupa yako tupu unawekewa ya kupima, unatoka ukinuka Paris. Tumekuwa na uchumi wa kadogo tangu kabla nizaliwe, na kama kuna kitu duniani kiliumbwa kwa ajili ya kadogo, ni zafarani. Hakuna mtu yeyote, hata tajiri wa Muthaiga, anatumia zafarani kwa kilo. Kila mtu anatumia ya kupima. Ukizidisha inakuwa chungu, na chakula kinanuka kama duka la dawa. Hiki ni kiungo chenye kinamlazimisha hata tajiri aishi kadogo kama sisi.

Na hii ya "unajifanya" sielewi mtaani kwetu inatoka wapi. Jumamosi asubuhi enda Toi. Utapata msee ameshika koti la sufu la Italia, analipa soo mbili, analivaa hapo hapo, na mama mwenye kibanda anamwambia "umependeza, mwanangu." Viatu vya ngozi vya mtu wa Ulaya tunavaa. Hakuna mtu anatusimamisha na kuuliza kama hicho kiatu ni cha watu kama sisi. Mwili wetu umekubaliwa kuvaa dunia nzima. Ni mdomo tu ndio unaambiwa ubaki kwa ugali na sukuma. Nami naipenda ugali sukuma, usinielewe vibaya. Nitaila kesho na keshokutwa. Lakini kupenda kitu na kufungiwa ndani yake si kitu kimoja.

Nadhani tumeamini picha. Picha za Kibera zenye dunia inaziona ni za mabati, mitaro, na mtoto ameshika sahani tupu. Zimepigwa sana hadi sisi wenyewe tunajiangalia nazo. Lakini huu mtaa ulikuwa na meza kabla uwe na sifa ya njaa. Wanubi, askari wa King's African Rifles waliotoka upande wa Sudan, walipewa makao hapa mwaka wa 1904, wakati huu ulikuwa msitu. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Wajukuu na vitukuu wao bado wako Makina, na mwaka wa 2017 ndio walipata hati ya ekari 288. Ukialikwa kwao siku ya Idd, unakaribishwa na gurusa laini, nyembamba, na vifuniko vya sahani vilivyosukwa kwa rangi zote. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja ya watu kupika kwa heshima, Kibera. Pita Makina Ijumaa baada ya sala, sikiliza pua yako, halafu uniambie watu wa hapa hawajui viungo.

Na ukitoka Nairobi ukashuka Mombasa, au ukavuka hadi Lamu na Zanzibar, zafarani si habari mpya hata kidogo. Neno lenyewe lilitoka kwa Kiarabu likakaa Pwani hadi likawa la Kiswahili. Iko kwa biriani, pale juu ya wali, ndiyo inafanya punje zingine ziwe za njano na zingine zibaki nyeupe. Iko kwa haluwa ya Oman na Zanzibar, pamoja na iliki na maji ya waridi. Kuna hata wazee wanaitumia kama wino: wanaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, wanaiosha, na mgonjwa anakunywa hayo maji. Wanaita kombe. Kwa hivyo mtu akiniambia zafarani ni mambo ya wazungu wa hoteli, namwambia apande basi la usiku akaulize mbele.

Lakini sijasema sababu yangu kubwa, na hii si ya hesabu.

Mathe amefanya kazi za nyumba kwa watu miaka mingi. Anaondoka Kibera alfajiri, anatembea, anapika kwa wenyewe, anarudi giza limeingia. Nyumba moja alifanya kazi walikuwa wanapenda zafarani. Ilikuwa kwa wali, ilikuwa kwa maziwa ya jioni, ilikuwa kwa vitamutamu vya sherehe. Boksi lilikuwa linafungiwa kwa kabati lenye ufunguo. Mwenye nyumba alikuwa anatoa nyuzi, anazihesabu kwenye kisosi, halafu anampa mathe apike. Mathe alijifunza kila kitu kuhusu zafarani. Anajua kuitofautisha kwa harufu akiwa amefumba macho. Anajua ni dakika ngapi. Anajua itakataa nini na itakubali nini. Lakini hajawahi kukaa kwa kiti akaila. Alikuwa anaonja kwa mwiko, akisimama, kuangalia chumvi.

Nilijua haya yote siku nilipoleta hilo boksi nyumbani. Nilikuwa nimetazama video kama kumi, nikajiona fundi. Nikaanza kurusha nyuzi kwa mafuta ya moto. Mathe akanishika mkono. "Baba, hiyo haitaki mafuta. Hiyo inataka maji." Halafu akachukua kijiko na kikombe, na mikono yake ikaanza kufanya vitu nilikuwa sijawahi kuiona ikifanya nyumbani kwetu.

Nikasimama tu hapo. Nikafikiria ni wamama wangapi wanatoka huu mtaa kila asubuhi wakienda Kilimani, Lavington, Parklands, na wanajua kupika vyakula vya dunia nzima. Ujuzi wa upishi ulioko Kibera unaweza kufungua mahoteli. Lakini kila jioni unaachwa huko kwenye jikoni za watu, kama aproni iliyotundikwa nyuma ya mlango. Unarudi nyumbani bila ujuzi wako, kwa sababu nyumbani hakuna cha kuufanyia. Hii ndio maana yule msee wa unga aliniudhi. Kwa maoni yake, mathe anaruhusiwa kuipika zafarani. Kuila ndio kujifanya.

Basi wacha niwape venye mathe alinionyesha, ndio hiki kitu kisibaki maneno.

Ya chumvi kwanza. Chukua nyuzi 20, ziweke kwa kikombe kidogo na chumvi kiasi cha ncha ya vidole. Saga kwa mgongo wa kijiko hadi ziwe unga. Ile chumvi inasaidia kuzivunja. Mwagia vijiko vitatu vya maji ya moto, lakini yasiwe yanatokota, halafu uache. Dakika 20, au hata zaidi ukiwa na subira. Rangi ya zafarani inayeyuka kwa maji, haiyeyuki kwa mafuta, ndio maana mathe alinishika mkono. Sasa pika nusu kilo ya mchele kama kawaida: kaanga kitunguu hadi kianze kuwa cha dhahabu, weka karafuu mbili, chumvi, mchele, maji. Maji yakikaribia kukauka, toa mistari kwa wali ukitumia mwiko, na umwagie ile zafarani kwenye mistari, si kila mahali. Usikoroge! Funika, punguza moto, palia makaa machache juu ya mfuniko kama uko na jiko, uache dakika 15. Ukifunua, utapata wali wa rangi mbili na harufu yenye itafanya jirani apige hodi akisingizia anataka kiberiti.

Kitoweo? Maharagwe ya nazi yanatosha kabisa. Kuku kama Mungu amejalia. Kitu cha kuepuka ni chenye kelele. Ukiweka kijiko kikubwa cha Royco au omena ya kukaanga kando yake, hutasikia zafarani hata kidogo, na utakuwa umechoma shilingi 31 zako. Zafarani inaongea kwa sauti ya chini.

Ya sukari sasa. Hapa unahitaji tambi, zile nyembamba kama nywele, nusu pakiti. Saga nyuzi 10 na sukari badala ya chumvi, halafu zilaze kwa vijiko viwili vya maziwa ya uvuguvugu. Kaanga tambi kwa mafuta kidogo hadi zibadilike rangi, ukigeuza kila saa juu zinaungua haraka kuliko unavyofikiria. Weka maji ya moto kiasi cha kuzifunika, sukari, iliki tatu umezipondaponda, na chumvi kidogo sana. Maji yakiisha, mwagia yale maziwa ya zafarani, funika, toa motoni. Ukiwa na zabibu kavu, weka. Ukikosa, maisha yaendelee. Pwani wanakula hizi sana Ramadhani na Idd. Sisi tulikula Jumanne, hakuna sababu yoyote.

Unaona kitu hapo? Ni kiungo kimoja. Ukikisaga na chumvi kinaenda kwa wali, ukikisaga na sukari kinaenda kwa tambi, na hakilalamiki kokote. Kwa chumvi kinatoa ule uchungu mdogo wenye unafanya wali uwe na maana. Kwa sukari kinatoa harufu kama ya asali na nyasi kavu. Kwa chai ya maziwa, nyuzi tano tu, na hutataka tangawizi wiki nzima.

Sasa onyo, na hili ni la maana kwa sisi watu wa kupima. Mahali penye pesa kubwa kwa kitu kidogo, walaghai wako. Hii si mambo ya leo. Mji wa Nuremberg, Ujerumani, ulikuwa na sheria kali juu ya zafarani feki, na karne ya 15 wafanyabiashara walichomwa moto wakiwa hai kwa kosa hilo. Hapa kwetu utauziwa pakiti kubwa, nono, kwa finje. Jiulize: maua mangapi yalichumwa kwa hiyo finje? Mara nyingi hayo ni maua ya mmea mwingine kabisa, au nyuzi za kitu zimepakwa rangi. Kupima ni rahisi. Tia nyuzi mbili kwa maji ya uvuguvugu. Ya ukweli inatoa rangi polepole, na maji yanakuwa ya njano, wakati uzi wenyewe unabaki mwekundu. Feki inamwaga rangi yote mara moja, maji yanakuwa mekundu, na uzi unabaki mweupe kama umeugua. Onja pia: harufu ni tamu, lakini kwa ulimi ni chungu. Ikiwa tamu kwa ulimi, umeuziwa story.

Halafu kuna ile rangi ya unga, ya njano au ya machungwa, yenye vibanda vingi vinaweka kwa biriani. Siwalaumu. Ni biashara, na sahani inauzwa bei ya mtaa. Lakini rangi ni rangi, haina ladha. Na baadhi yake ni tartrazini, yenye Ulaya tangu 2010 lazima pakiti iandikwe onyo kuhusu watoto. Mimi ombi langu ni moja: kama ni rangi, tuambie ni rangi. Usiandike zafarani kwa ubao. Kuna mtu atakula hapo mara ya kwanza, aseme "kumbe zafarani haina kitu," na asirudi tena kuitafuta. Umemnyima kitu na hajui.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Mtaani tuko na chama za kila kitu: za sufuria, za mazishi, za kununua mbuzi wa Krismasi. Tafuteni watu wanne, kila mtu atoe 175. Mnunue gramu moja ya ukweli kwa duka lenye linajulikana, mgawane. Kila mmoja anapata kama nyuzi 112. Hizo ni sufuria tano za wali na chai mbili juu. Zifunge kwa karatasi, uweke kwa kikopo chenye mfuniko, mbali na mwanga na moshi wa jiko, na zitakaa miezi mingi. Nasema chama, si duka likupimie, kwa sababu tunajua venye kadogo inatufinya. Mtu akikupimia kidogo anakuuzia ghali zaidi. Ndio maana maji ya mtungi hapa, ukipiga hesabu ya lita, yanashinda bei ya mtu mwenye bomba Kileleshwa. Tukijipimia wenyewe, ile faida inabaki kwa sufuria.

Sisi tulianza mwezi huu: mimi, majirani wawili wa plot, na dada mmoja anauza chapo hapo chini. Siku ya kugawa tulikaa kwa meza yetu na mathe ndiye alihesabu. Alihesabu haraka, bila kurudia. Halafu akachukua fungu letu, akatafuta kikopo, akakiweka juu ya kabati, mahali kila mtu anafikia.

Kuhusu wali, kama unataka kujua alisema nini alipokaa chini na sahani yake: alisema chumvi imepungua, akaongeza sahani ya pili.

Haya. Yule msee wa unga, mlango uko wazi. Kuja na 175 yako.